Dawa ya Magoti ya Mama Mkwe

Kesi hii mimi ningeitatua nimekaa, huku nashona kifungo. Jumatatu ile, kabla Mpelelezi hajamaliza kufunga kamba za viatu, nilikuwa nimeshawataja wezi watatu. Baadaye ikajulikana kwamba wawili hawakuhusika hata kidogo, na wa tatu alifariki mwaka juzi. Basi tumwachie Mpelelezi kazi yake, mimi nisimulie tu.

Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, alikuwa amesimama mbele ya ghala la baruti la machimbo ya mawe, anaitazama kufuli kwa mara ya nne. Kufuli nzima. Bawaba nzima. Ukuta mzima. Kilichokosekana ni sanduku moja la mbao, refu kama mkono wa mtu, lenye vijiti kumi na viwili vya baruti ya zamani iliyokuwa ikisubiri kuharibiwa.

"Ngoja nikuulize tena," alimwambia Mhandisi wa machimbo. "Kwa nini mnasema hii ya zamani ni mbaya kuliko mpya?"

"Ikizeeka inatoa jasho. Mafuta mafuta hivi. Jua likizidi, na jasho linazidi. Likishatoka huhitaji kiberiti, afande. Kuangusha kunatosha."

"Kuangusha kutoka wapi?"

"Mezani. Kitandani. Mkononi."

"Na nyumba itakayokuwa na sanduku hilo?"

Mhandisi alivua miwani, akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. "Nyumba ipi? Haitakuwepo."

Mpelelezi aliandika neno "mkononi" kwenye kijitabu chake, akalipigia mstari mpaka karatasi ikatoboka. Jua lilikuwa limeshapanda. Kule bondeni mabati ya nyumba za wafanyakazi yalianza kulia ta, ta, ta, kama yanavyolia yakipata moto. Nyumba mia mbili na kitu. Chini ya bati mojawapo sanduku lilikuwa likitoka jasho, na kando yake, bila shaka, kuna mtu anapika, anafagia, anasogeza vitu.

Aliyekamatwa mpaka sasa ni mtu mmoja tu: mtunza ghala, mzee wanayemwita Ufunguo. Yuko mahabusu tangu Jumatatu, anakula nusu sahani na kusema neno lile lile. Kila Ijumaa jioni anakabidhi ufunguo ofisini kwa Karani, kila Jumatatu anauchukua. Ijumaa iliyopita alikabidhi. Lakini daftari la funguo lilisema kwamba hakukabidhi, alienda nao nyumbani, na chini ya maneno hayo palikuwa na alama ya dole gumba lake.

"Nilitia dole pale nilipoonyeshwa," alisema mzee. "Miaka kumi na tisa natia dole ninapoonyeshwa. Mimi na kusoma tuliachana zamani, tena kwa ugomvi."

Karani naye alihojiwa jana yake. Kijana wa miaka thelathini na tano, shati limepigwa pasi, macho mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu.

"Hulali?"

"Nalala kwenye kochi, afande, na kochi lenyewe mguu mmoja mfupi. Mama mkwe ametuingilia Jumapili bila taarifa. Tumempa kile chumba cha stoo, na chetu kimepakana nacho, naona haya kulala humo."

"Si ungelala wewe stoo, yeye apewe chumba chenu?"

"Mke wangu ndiye aliyepanga, mimi nilikuwa msalani. Nimetoka nakuta mama ameshavua viatu." Alinyoosha kola. "Na mimi chumba cha mama mkwe hata mlango siusogelei."

Mpelelezi aliandika "kochi", akaiacha "stoo". Usimcheke. Hata mimi ningeiacha.

Asubuhi hii alikuwa na jambo jingine mkononi. Walipuaji wa machimbo walimwambia kwamba kila Jumatatu vichwa vinawauma wote, vinagonga kama ngoma, kwa sababu baruti huwarudia baada ya mapumziko. Wote, isipokuwa fundi wao mkuu, Kishindo. Yeye Jumatatu hii alikuja anapiga mluzi.

"Mtu ambaye kichwa hakimuumi," Mpelelezi alijiambia akishuka ngazi za mawe, "ni mtu ambaye hakuiacha baruti hata Jumapili."

Alimkuta Kishindo amekaa juu ya pipa, ananoa patasi. Mtu mfupi, mpana, sikio la kushoto halisikii, la kulia linachagua.

"Jumamosi na Jumapili ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na baruti?"

"Ghalani."

"Kichwa chako Jumatatu hakikuuma. Wenzako wote kiliwauma. Nieleze."

Kishindo aliacha kunoa. Alimtazama Mpelelezi, akawatazama vijana wake, kisha akacheka mpaka pipa likatikisika. "Jamani, nakamatwa kwa kosa la kuwa mzima!"

"Nieleze, nimesema."

Kishindo alivua kofia yake, kofia ya kitambaa iliyochakaa mpaka rangi yake haijulikani, akaigeuza ndani nje. Kwenye utepe unaokaa kwenye paji la uso palikuwa na doa la mafuta.

"Hii alinifundisha aliyenifundisha kazi. Unapaka kidogo sana hapa Ijumaa, unaivaa hadi Jumapili. Mwili hausahau, Jumatatu haukusumbui. Mke wangu anasema nalala na kofia kuliko ninavyolala naye."

"Unataka niamini hilo?"

"Ivae."

Mpelelezi aliitazama ile kofia kama mtu anayetazama maziwa ya juzi. Vijana walikuwa wamesogea. Cheo chake kilimsukuma, na shingo yake ikafuata. Aliivaa, akaendelea kuuliza maswali kwa karibu nusu saa, akapata majirani watatu na shemeji mmoja wa kuthibitisha kwamba Kishindo hakutoka nyumbani Jumamosi wala Jumapili. Alipoirudisha kofia, mashavu yalikuwa yamepamba moto. Alipofika njia panda ya zahanati, kila hatua aliyokanyaga chini aliisikia kichwani.

Mshukiwa wake mzuri ameyeyuka. Saa nne imegonga. Na bati linalia ta, ta, ta.

Muuguzi wa zahanati ya machimbo, mama wa makamo anayevaa soksi za michezo chini ya gauni jeupe, alimkalisha kitini kabla hajajieleza.

"Rangi hiyo umeitoa wapi, afande? Umekuwa nyanya. Lete mkono." Akafunga mkanda, akapuliza, akasikiliza. Akapuliza tena. "Jana nilikupima hapa ukawa mia na sabini na mbili juu. Leo mia na ishirini na sita. Umemeza vidonge?"

"Nimevisahau juu ya mtungi."

"Basi umeponaje?"

"Nimepona nini, mama? Kichwa kinapasuka!"

Akamweleza habari ya kofia. Muuguzi alisikiliza huku anakunja mkanda, na tabasamu likampanda taratibu.

"Kaa nikufundishe, kwa sababu vidonge hutaki kumeza, labda utameza maneno. Mshipa wa damu una utando kwa ndani, mwembamba. Kwenye utando huo kuna kimeng'enya. Mchukulie kama fundi. Kazi yake moja: kutengeneza gesi inayoitwa naitriki oksidi, kidogo kidogo, usiku na mchana. Gesi inapenya kwenye misuli ya mshipa, inaiambia, legea. Mshipa ukilegea unapanuka, damu inapita kwa nafasi, presha inashuka. Fundi akizembea, mshipa unabana kama mpira wa maji uliokanyagwa. Huo ndio mshipa wako."

"Fundi wangu mzembe?"

"Unamlaza wewe. Chumvi, sigara, kukaa garini siku nzima. Mtu akitembea damu inakimbia, ikikimbia inamkuna fundi, naye anaamka. Ana ndugu zake wawili, mmoja yuko kwenye neva, mwingine huamshwa vita ikizuka mwilini, wadudu wakiingia. Huyo wa mwisho akipandwa na hasira anamwaga gesi mpaka presha inaanguka na mgonjwa anaanguka nayo. Lakini wa mishipani ni mpole, anapima."

"Na kofia?"

"Mafuta ya baruti ile hayapimi. Yanapita kwenye ngozi, mwili unayavunja, gesi ile ile inatoka bila kumsubiri fundi. Mishipa yote inafunguka kwa mpigo, na ya kichwani pia. Ndiyo ngoma unayoisikia. Hospitali kubwa wanayatumia, kipimo kidogo kabisa, kwa watu wa moyo. Walipuaji miili yao inazoea katikati ya wiki, inasahau wikiendi." Aliufunga mkanda kwa kamba yake. "Wewe ni wa pili leo."

Mpelelezi alikuwa amefumba macho. Akafumbua moja.

"Wa pili wa nini?"

"Wa kupona kwa maumivu ya kichwa. Kuna bibi mmoja hapo nje. Jumatatu nimempima mia na themanini na nane, nikamwongezea dawa. Leo anakuja na mia na kumi na nane, anayumba, anashika kichwa, na anajisifu kwamba ameponywa. Nilidhani amemeza vidonge mara mbili, nimevihesabu, vyote vipo. Nimempigia mkwe wake aje amchukue, siwezi kumwacha atembee."

"Bibi ni mlipuaji?"

"Ni mgeni. Amekuja kumtembelea binti yake."

"Binti yake nani?"

Muuguzi alifungua daftari. Wategemezi wa wafanyakazi huandikwa chini ya jina la kazi la mfanyakazi, ndivyo zahanati ile ilivyozoea. Aliweka kidole kwenye mstari, na Mpelelezi akausoma mwenyewe: *Karani, mama mkwe.*

Stoo, aliwaza. Mungu wangu, stoo.

Alitoka nje polepole, kwa sababu mtu hakimbilii kitu asichokijua kiko wapi. Bibi alikuwa peke yake kwenye benchi, mwanamke mnene mwenye uso wa mtu aliyezoea kushinda mabishano, viatu vimevuliwa, mkoba mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe kichwa? Naona umekishika kama yai."

"Na mimi. Wameniambia wewe umepona presha."

"Na magoti!" Bibi alipiga goti lake kofi, na mkoba ukaruka kidogo. Mpelelezi naye akaruka. "Miaka sita sipigi magoti. Tangu jana ninapaka dawa aliyoninunulia mkwe wangu, leo nimeinama nikavaa viatu mwenyewe."

"Mkwe amekupa dawa?"

"Amenificha, masikini. Ni mwanaume mwenye haya. Jana nimeangusha kitana, nikachungulia chini ya kitanda, naona sanduku. Nikamwita. Amesimama nje ya mlango, haingii, jasho linamtoka, sauti kama mtoto aliyevunja sahani. Namuuliza, baba, nini hii? Ananiambia, ni mafuta ya magoti yako, mama, nilitaka kukushtukiza, lakini usiliguse mpaka nikuelekeze, uliache hapo hapo, na usilale kitanda hicho, lala na binti yako. Nikamwambia sitoki chumbani nilichopewa. Amenisihi mara nne."

"Na wewe ukagusa."

"Mwanangu, nimezaa tisa. Naelekezwa nini kuhusu kupaka mafuta?"

Mpelelezi alichuchumaa mbele yake. "Sanduku liko wapi sasa hivi?"

"Si hapo hapo. Kitanda chenyewe kimelegea, nikilala naligusa kwa mgongo. Joto lake tamu."

"Na mkobani, mama? Kuna nini mkobani?"

Bibi aliinama kwa siri, akafungua zipu. "Kijiti kimoja. Nimekuja nacho nimwonyeshe muuguzi, aandike jina lake, nikirudi kwetu ninunue." Kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa cha kijani, na kitambaa kimelowa. Harufu yake tamu tamu, nzito. Bibi akaanza kukivuta. "Subiri nikikung'ute kidogo..."

"Usikikung'ute!"

Sijui kama umewahi kumwona askari akimwomba mwanamke mkoba wake kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Aliuchukua kwa mikono miwili. Muuguzi, aliyekuwa mlangoni na kusikia yote, alishawatoa wagonjwa kwa mlango wa nyuma bila kupandisha sauti. Kutoka benchini hadi kwenye rundo la mchanga ng'ambo ya uwanja wa zahanati ni hatua ishirini na sita. Alizihesabu. Hatua ya kumi na moja kuku alimkatiza miguuni. Hatua ya kumi na tisa kichwa kilimgonga mpaka akaona nyota za mchana. Hatua ya ishirini na sita alipiga magoti, akautua mkoba ndani ya mchanga kama anavyotuliwa kichanga, na ndipo akagundua kwamba hakuwa amevuta pumzi tangu hatua ya tano.

Simu mbili alizipiga akiwa bado amepiga magoti. Ya kwanza kwa wenzake: nyumba ya Karani na nyumba zote za safu ile zitolewe watu, mtu asifungue stoo, asibamize mlango. Ya pili kwa Mhandisi: sanduku liko stoo kwa Karani, kijiti kimoja kiko mchangani, wataalamu waje. Mhandisi alisema wataalamu watafika baada ya saa moja. Kisha akauliza, "Afande, hilo bati la stoo lina dari chini yake?"

"Halina," alijibu Muuguzi, aliyekuwa amesimama nyuma yake akisikia, naye anazijua nyumba zile.

Saa moja chini ya bati lisilo na dari. Mpelelezi alijipangusa mchanga. Watu watatolewa, sawa. Lakini alimfikiria yule mzee mahabusu na dole gumba lake. Karani atasema nini? Atasema ni Ufunguo aliyelificha kwake. Atasema hajui. Neno la bibi mwenye maumivu ya kichwa, na neno la daftari lenye mwandiko safi. Mahakama inapenda mwandiko safi.

"Muuguzi, una mshumaa?"

"Wa siku za umeme kukatika. Upo."

"Na kitambaa cha kijani?"

Alipata kipande cha pazia la zahanati. Mpelelezi akaufunga mshumaa, akakilowesha kitambaa kwa mafuta ya kupikia ya Muuguzi, akamkabidhi Bibi na kumnong'oneza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulipitia mambo matatu: kutoelewa, kuelewa, na kitu ambacho nisingependa mama mkwe wangu awe nacho.

"Kwa hiyo nililalia mauti siku tatu," alisema. "Na yeye alikuwa sebuleni."

"Alishindwa kuingia, mama. Heshima."

"Heshima." Alilitamka kama mtu anayetema mbegu. "Mlete."

Karani alifika saa nne na dakika arobaini, anahema, amebeba mwavuli wa kumkinga mama mkwe na jua. Alipomwona Mpelelezi chumbani kwa Muuguzi alisita, lakini alikuwa ameshaingia.

"Afande. Shikamoo, mama. Vipi hali, umeanguka?"

"Marahaba. Kidogo tu."

"Kaa, Karani," alisema Mpelelezi. "Dakika mbili. Mama anasema umemnunulia dawa ya magoti."

"Dawa?" Macho ya Karani yalimkimbilia Bibi, yakarudi. "Hapana. Sijanunua dawa."

"Sanduku, chini ya kitanda, stoo."

"Stoo kuna magunia na baiskeli mbovu. Hakuna sanduku."

"Mkwe," alisema Bibi kwa upole, "si uliniambia mwenyewe, umesimama mlangoni?"

Karani alicheka kicheko kifupi kisicho na meno. "Afande, usimchukulie vibaya mama. Ni mtu mzima, presha imempanda, anachanganya mambo. Tangu jana anaongea hivi. Mimi na mke wangu tunamvumilia tu."

 Nje, bati la zahanati lilisema ta. Muuguzi aliacha kuandika.

"Anachanganya," alirudia Mpelelezi, akaandika. "Kwa hiyo hujawahi kuona sanduku lolote, wala kijiti chochote, na ufunguo wa ghala Ijumaa hukuletewa."

"Sijawahi. Hakuleta. Daftari lipo, na dole lake lipo."

"Nimechanganyikiwa, eti," alisema Bibi. Alijiinua polepole, kwa magoti yaliyokubali. Alitia mkono ndani ya khanga yake, akatoa kitu kirefu kilichofungwa kitambaa cha kijani, kinang'aa mafuta. "Basi hii itakuwa ya mtu mwingine. Kama si dawa yangu, nihangaike nayo ya nini?"

Akanyoosha mkono juu ya sakafu ya saruji, akakishika kwa vidole viwili.

Karani alikuwa ameshasimama. Kiti kilianguka nyuma yake. Mwavuli ulianguka.

"Mama," alisema. "Mama, weka chini. Weka polepole."

"Niweke nini, mwanangu? Mimi sina kitu. Nachanganya."

Akaachia kimoja cha vile vidole viwili.

"USIDONDOSHE!" Karani alikuwa ameshafika chini ya meza ya Muuguzi, mikono kichwani, magoti kifuani, na sauti yake ilitokea huko chini nyembamba kama uzi: "Afande mzuie, itatuua wote, imeshatoa jasho, mzuie!"

Kitambaa kilifunguka njiani. Mshumaa uligonga saruji, ukavunjika vipande viwili, kimoja kikaviringika chini ya meza mpaka kikagusa pua ya Karani.

Mpelelezi aliinama taratibu, kwa sababu kichwa bado kilikuwa kinagonga, mpaka macho yao yakawa sawa. Kijitabu kilikuwa wazi, kalamu tayari.

"Nieleze jambo moja, Karani," alisema. "Mtu ambaye hajawahi kuiona, amejuaje kwamba imeshatoa jasho?"